Imeharibika, Mwombe Jirani

Kazi yangu ni kusugua watu. Nimeifanya miaka thelathini na mmoja katika hamamu ya Okcheon, hapa mlimani Busan, upande wa wanawake, na sioni haya kuisema. Mtu anavua nguo, anajiloweka kwenye maji ya moto mpaka ngozi ilainike, kisha analala kifudifudi kwenye kitanda changu cha plastiki. Mimi navaa mkononi kitambaa changu cha kijani kinachokwaruza na kumtoa nongo kuanzia shingoni hadi visiginoni. Wateja wananiita mama mdogo, hata wale walionizidi umri. Usoni watu hujipaka poda wakanidanganya, lakini mgongoni hakuna anayejifikia, kwa hiyo nikitaka kujua mtu anaishi vipi huangalia mgongo wake.

Ninayetaka kumsimulia ni Pyo Malsun. Lakini siwezi kumsimulia bila kuanza na lile dude la ukutani.

Karibu na bomba la maji baridi, mwenye hamamu, Bwana Tak, alifunga mashine ya chuma yenye gurudumu lililovishwa kitambaa kama changu. Unaketi kwenye kigoda, unabonyeza kitufe, unaegemeza mgongo, gurudumu linazunguka. Kabla halijaja, mgongo ulikuwa shughuli ya watu wawili. Ulimgeukia aliyeketi jirani, humjui wala hakujui, ukamwambia, "Tusuguane?" Akikumaliza unamsugua na yeye, na mpaka mnajimwagia maji mnajua ana watoto wangapi na mkwe wake ana kasoro gani. Dude lilipokuja, watu wakaona aibu kumsumbua mwenzao ilhali kitufe kipo. Hamamu ikawa kimya, unasikia maji tu na mngurumo wa gurudumu. Mimi sikulipenda hata siku moja, na lenyewe nadhani lilikuwa linajua.

Sasa Malsun. Jina lake lina maana ya wa mwisho. Alikuwa binti wa nne, na baba yake aliona ampe jina la kufunga mlango ili aje mwana wa kiume. Wakaja mabinti wengine wawili. Malsun alishona ngozi za viatu miaka ishirini na sita katika kiwanda kilichokuwa hapa chini ya mteremko, akaolewa na mkata soli wa kiwanda hichohicho, akamzaa Taegyu, mwanawe wa pekee, akamzika mume. Kisha kiwanda kikabomolewa. Miaka michache baadaye na vinyumba vyetu vya mteremkoni vikabomolewa, yakapanda maghorofa, na kila aliyevunjiwa akapewa fleti. Yake iliangukia ghorofa ya kumi na tisa, juu ya uwanja uleule aliokuwa akishonea viatu.

Ghorofa lenyewe linaitwa Lumineo Fore Senteria. Usiniulize ni lugha gani. Kwetu watu hutania kwamba majina haya yametungwa marefu hivi ili mama wakwe wakipotea wasiweze kuuliza njia.

Mambo yaliyofuata alinisimulia mwenyewe baadaye, akiwa amelala kitandani kwangu. Mlango wa fleti ulimsalimia akiingia. Lifti ilimtajia ghorofa. Bafu lilimwambia maji yamejaa. Mashine ya kufulia iliimba ikimaliza, na sufuria ya umeme ilimwambia kila siku kwa sauti ya binti mwenye adabu, "Wali wako uko tayari, tafadhali ukoroge vizuri." Wilaya nayo ilimletea spika ndogo ya wazee wanaokaa peke yao, ya kumtajia tarehe na hali ya hewa kila asubuhi. Vyakula Taegyu aliviagiza kwa simu akiwa Seoul, na alfajiri kisanduku kilikuwa mlangoni. Aliyekileta hakumwona kamwe. Nyumba nzima ilikuwa inaongea isipokuwa mwenyewe.

Nje pia kila alichokizoea kilikuwa kimehama. Basi lilibadilishwa namba, benki ya mtaa ikafungwa, na rafiki yake Hyeja, aliyekuwa akisuguana naye mgongo kila wiki, akaenda kukaa kwa bintiye Daegu. Siku moja Malsun aliteremka kwenda kula tambi mahali alipokula miaka kumi. Akakuta skrini mlangoni, ndefu kuliko yeye. Akabonyeza picha ya tambi, ikamuuliza maswali, alipokuwa anatafuta miwani ikarudi mwanzo. Mara tatu. Nyuma yake vijana wanne walikuwa wamepanga foleni, hawakumsema vibaya, walikuwa wanatazama simu zao tu. Akawapisha, akarudi nyumbani bila kula, na hakuteremka tena wiki hiyo.

Mwezi wa tisa, sikukuu ya mavuno, Taegyu akaja. Akasikia mama yake anagomba jikoni.

"Unaongea na nani, Mama?"

"Na huyu hapa. Kaniambia nikoroge. Mwaka wa tatu huu ananiambia nikoroge. Nilikuwa nakoroga wali kabla mama yake hajazaliwa."

"Mama, hiyo ni sufuria."

"Najua ni sufuria. Wewe unadhani ningemsema hivyo mtu?"

Mimi ningecheka. Taegyu hakucheka. Akamchukua mama yake hadi kituo cha wilaya cha kupima kumbukumbu za wazee, na huko mambo yakaharibika kabisa. Wakamuuliza leo tarehe ngapi. Akajibu kwamba leo ametoka kabla spika haijasema. Wakamuuliza anakaa wapi. Jina la ghorofa lilimshinda, akasema, "Pale penye kiwanda cha viatu, kwa juu." Msichana wa kituo akaandika kwamba mgonjwa anataja majengo yasiyokuwepo. Alipoulizwa yale maneno matatu aliyotakiwa kuyashika, sauti yenyewe iligoma kutoka, maana kabla Taegyu hajaja alikuwa ameongea na sufuria peke yake siku nne nzima.

Wakasema arudi kupimwa baada ya miezi mitatu. Taegyu hakusubiri. Alitafuta nafasi katika nyumba moja ya wazee nje ya Seoul, ghorofa ya sita, vitanda viwili kila chumba, akaishika. Mwezi wa kumi na mbili akishindwa tena, atahamia huko na fleti itapangishwa. Malsun akaitikia kwa kichwa. Alipofika hapo katika kunisimulia akasema, "Kilichokuja kunitisha baadaye, mama mdogo, ni kwamba niliitikia. Sikuona tofauti. Chumba hiki, chumba kile."

Mwezi wa kumi, Lumineo nini-nini wakakata maji ya moto siku tatu wasafishe mabomba. Ndiyo sababu akaja kwetu. Hakuwa amekanyaga hamamu miaka miwili.

Nilimwona akiingia, mdogo, nywele za chumvi, amekumbatia beseni kifuani. Akajiloweka pembeni. Akaliendea dude, akaketi, akabonyeza, akasuguliwa. Lilipozima akainuka, akaligeukia, akainama kidogo, akaliambia, "Asante kwa kazi."

Nikaangua kicheko. Kisha nikaona hakuwa anatania, na kicheko kikanikauka. Mgongo wake ulikuwa na duara moja jeupe katikati, mahali gurudumu linapofika, na kulizunguka kulikuwa na nongo ya kijivu iliyoganda. Pale duniani pote huwa panafikiwa na mkono wa mtu mwingine tu.

"Dada," nikamwita, "njoo hapa ulale."

"Nimeshasuguliwa."

"Na nani?"

Akafikiri. Akalitupia dude jicho. Akaja akalala. Nilipomwekea mkono begani alishtuka kama mtu aliyemwagiwa maji baridi, na mwili wake wote ulichukua muda mrefu kulegea. Nilimsugua mgongo mzima. Nongo ilitoka kwa vipande virefu. Nikamuuliza mwisho kusuguliwa lini. Akataja mwezi alioondoka Hyeja, kwa sauti iliyokwama kama bawaba ya mlango wa stoo.

Nilimwonea huruma sana, na huruma kwangu hugeuka hasira haraka. Alipoondoka nikaenda chumba cha kubadilishia nguo, nikafungua kisanduku cha swichi, nikalizima dude. Nikachukua karatasi, nikaandika kwa kalamu nene: "Imeharibika. Mwombe jirani akusugue." Nikaifunika kwa plastiki, nikaibandika juu ya kitufe. Nisijifanye malaika. Nilijua pia kwamba wanaotaka mgongo tu, ambao dude lilikuwa limeninyang'anya, watarudi kwangu. Nilikuwa nimewatendea mema watu wawili kwa swichi moja, na mmojawapo ni mimi.

Bwana Tak angenikamatia wapi? Yeye ni mwanamume. Anakaa mapokezi siku nzima akigawa funguo na taulo, na upande wa wanawake haingii mpaka Jumanne, siku ya kufunga, na hata hiyo Jumanne anayesafisha ni mimi. Nikamwambia limekufa. Akaguna, akasema atamtafuta fundi, na mafundi wa madude yale siku hizi hawapatikani kirahisi.

Wateja sikuwapata. Wanawake walisoma karatasi, wakanung'unika, wakatazamana. Siku mbili nzima walijikunja kama samaki wanaokaangwa wakijaribu kujifikia mgongo wenyewe. Wa kwanza kuchoka alikuwa Gwibun, muuza samaki wa sokoni, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuuzia mnadani. Malsun alikuwa amerudi siku hiyo. Maji ya moto nyumbani kwao yalikuwa yamesharudi, lakini akaja.

"Wewe mwenye nywele za chumvi," Gwibun akasema. "Una mikono?"

Malsun akageuka nyuma kuona ni nani anayesemeshwa.

"Wewe, wewe. Nisugue mgongo. Karatasi imesema nimwombe jirani, na jirani ndiye wewe, sijakuchagua."

Malsun akavaa kitambaa. Sekunde mbili tu Gwibun akaruka.

"Mama yangu. Ulikuwa unafanyia nini mikono hii?"

"Viatu."

"Basi mimi si kiatu. Polepole."

"Umesema usuguliwe, hukusema ubembelezwe," akajibu Malsun, na nadhani alishangaa kuliko sisi sote kusikia sauti yake imetoka nzima.

Gwibun akacheka mpaka tumbo likatikisika. Alipomaliza kusuguliwa alikuwa mwekundu kama pweza aliyechemshwa, akatangaza kwamba kwa miaka sita hajawahi kujisikia msafi hivyo. Mwisho wa wiki wanawake walikuwa wanapanga foleni kwa Malsun. Foleni. Mimi na kitanda changu na miaka thelathini na mmoja tukabaki tunatazamana. Wengine walisuguana wao kwa wao, wanne kwa mstari, kila mmoja mgongoni mwa mwenzake, wanapiga kelele kama shule imefunguliwa. Bwana Tak alikuwa akigonga mlango kuuliza kama kuna mtu kaanguka.

Malsun akaanza kuja kila asubuhi isipokuwa Jumanne. Akija alikuwa na habari, maana ili uwe na cha kusema kwenye hamamu inabidi uwe umeona kitu njiani. Akaanza kushuka kwa ngazi ghorofa tatu za mwisho ili akutane na watu. Akajua jina la mlinzi. Akamvizia anayeleta kisanduku alfajiri, kumbe ni mama wa mapacha, wakawa wanabadilishana kopo la kimchi, kabichi yetu ya pilipili iliyochachushwa, kwa machungwa. Skrini ya tambi aliirudia pamoja na Gwibun, ambaye aliipigia kelele mpaka mpishi akatoka jikoni mwenyewe kuchukua oda.

Siku moja mwezi wa kumi na moja aliingia anameremeta.

"Mama mdogo, nimegombana," akasema.

"Na nani?"

"Na Gwibun. Ameweka beseni lake mahali pangu, akaenda kwenye mvuke nusu saa. Nikalihamisha. Akaniita mnyang'anyi. Nikamwita gunia la chumvi. Hatuongei."

"Sasa mbona unafurahi?"

Akaketi ukingoni mwa kitanda changu akatafakari jambo hilo kwa makini. "Kule juu," akasema, "hakuna kitu kinachonikataza. Nikisema washa, inawaka. Nikinyamaza, kila kitu kinajifanya chenyewe. Nilikuwa nimesahau kama nipo."

Kesho yake Gwibun alimsogezea beseni na kumgeuzia mgongo bila neno. Malsun akausugua kwa nguvu zote. Wakapatana hivyo.

Nilikuwa nimeanza kumpenda kama dada wa tumbo moja, nakiri, na kwa sababu hiyo mwezi wa kumi na mbili ulipokaribia nikaanza kukosa usingizi. Foleni na vicheko ni kitu kimoja, karatasi ya wilaya ni kitu kingine. Na juu ya hayo, fundi alipatikana.

Alikuja Jumanne, wiki moja kabla ya kipimo, mtu wa makamo mwenye mkoba wa vyuma. Bwana Tak akamwingiza, nami nikasimama na ufagio. Fundi akalifungua dude, akalichungulia, akagonga hapa na pale, akasema lina afya kuliko yeye. Kisha akafuata waya hadi chumba cha nguo, akafungua kisanduku, akanyoosha kidole.

"Swichi imezimwa," akasema.

Bwana Tak akanigeukia. Ana macho madogo, na siku hiyo yalikuwa madogo zaidi.

"Mama mdogo. Swichi."

"Kumbe," nikasema.

"Miezi miwili hiyo swichi imezimwa."

"Nilidhani hiyo ni ya taa ya stoo."

Alimshukuru fundi, akamsindikiza mpaka nje, akarudi. Nilikuwa nimeshaanza kukusanya vitambaa vyangu. Akaliwasha dude, gurudumu likanguruma kwenye hamamu tupu. Akasimama akilisikiliza. Kisha akasema kwamba tangu mkewe afariki hukaa pale mapokezi siku nzima, na kwa miaka alikuwa anasikia mngurumo ule ukutani, ila miezi hii miwili husikia wanawake wakitukanana na kucheka. Akalizima. Akaitazama karatasi yangu, ambayo kona zake zilikuwa zimeanza kubanduka.

"Andika nyingine," akasema. "Herufi kubwa. Bibi zetu hawaoni. Na uandike ya upande wa wanaume pia, dude la kule nalizima mwenyewe."

Jumanne iliyofuata nilikwenda na Malsun kituoni. Taegyu alitoka Seoul kwa treni ya alfajiri, mrefu, mweupe kama tofu, mkoba wa kompyuta begani na bahasha ya ile nyumba ya wazee mkononi. Alinisalimia kwa adabu nyingi na macho yakiwa sakafuni. Wakaturuhusu kuketi nyuma mradi tusimsaidie mgonjwa. Msichana ni yuleyule.

"Bibi, leo ni siku gani?"

"Jumanne ya pili ya mwezi. Jumanne hamamu inafungwa, ndiyo maana huyu mama mdogo yuko hapa ananikodolea macho. Jana Gwibun aliuza dagaa wa mwisho wa msimu, keshokutwa ni kumbukumbu ya marehemu mume wangu, na nje kuna upepo wa kukata masikio."

"Na unakaa wapi?"

Nikashika kigoda. Malsun akavuta pumzi.

"Jengo la mia moja na nne, ghorofa ya kumi na tisa, mlango wa pili kutoka lifti. Jina la ghorofa silijui na sitajifunza. Uwanja wake ulikuwa kiwanda cha viatu, nilishona hapo miaka ishirini na sita, kikabomolewa. Wewe jina unaweza kulisoma?"

Msichana akaangalia karatasi yake. Akasema Lumineo, akasema Fore, akakwama.

"Unaona," Malsun akamwambia kwa upole, "na wewe una miaka ishirini na kitu."

Maneno matatu akayashika, akayarudisha, na la tatu akalitolea na maelezo. Kutoa saba kutoka mia, na saba tena, na saba tena, alikwenda kasi mpaka msichana akamwomba apunguze, maana aliyehesabu jozi za viatu maisha yake yote hakuna saba inayomtisha. Alipata ishirini na nane kati ya thelathini. Nilitaka kumbusu yule msichana. Badala yake nikampiga Taegyu begani.

"Umesikia? Ishirini na nane. Mimi mwenyewe sifiki huko."

Taegyu alikuwa anaikunja ile bahasha, anaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama kitambaa cha mfukoni. Mama yake akamtazama. Mimi nimewaona wengi wakipata habari njema, na uso wa Taegyu haukuwa huo.

"Taegyu," akasema Malsun. "Leo ni siku gani?"

Mkono wake ukaenda mfukoni kutafuta simu.

"Iache simu."

"Mama, mimi nafanyia kazi nyumbani. Siku zinafanana."

"Mwisho kula na mtu ni lini?"

Taegyu ana miaka arobaini na moja, na pale kwenye kiti cha plastiki alionekana ana tisa. Msichana wa kituo, Mungu ambariki, akakumbuka ana kitu cha kufuata chumba cha pili.

"Ile nyumba ya wazee," Taegyu akasema mwishowe, "iko dakika kumi kutoka kwangu. Kwa miguu. Nilihesabu." Akaanza kuikunjua ile bahasha. "Nilisema ni kwa ajili yako. Lakini nilikuwa nawaza, Jumapili ningekuwa na mahali pa kwenda."

Sikujua pa kuweka macho. Miezi miwili nilikuwa nimemchukia mtoto huyu kimoyomoyo, nikamwona mtu wa kumtupa mama yake. Malsun akamchukua mkono, akaugeuza, akauangalia kiganja kama anayekagua mshono.

"Mimi sihami," akasema. "Nina foleni ya watu wananisubiri, muulize huyu. Lakini Jumapili treni zipo, na hiyo kompyuta yako inabebeka. Leo hurudi. Kesho asubuhi utakwenda hamamu."

"Mama, nyumbani nina bafu."

"Najua unalo. Vua shati kesho, mwenyewe uone."

Jumatano akaletwa kama mtoto wa shule. Bwana Tak akampa ufunguo na taulo, akamwingiza upande wa wanaume. Sisi tukaingia kwetu, tukasuguana, tukatukanana, tukatoka. Malsun akanunua maziwa ya ndizi mawili, akaketi kwenye benchi la mapokezi. Nusu saa ikapita, saa ikapita. Alikuwa anaangalia pazia la wanaume na kujifanya anaangalia televisheni. Nikamwambia labda kalala kwenye maji ya moto. Akaniambia ninyamaze, nikanyamaza.

Alitoka baada ya saa mbili kasoro. Nywele zimesimama, uso mwekundu, macho mekundu zaidi, na shati limemganda mgongoni. Akaketi kando ya mama yake, akatoboa maziwa yake, akanywa nusu kwa mkupuo.

"Kuna mzee mmoja," akasema. "Sikumwomba. Alinigeuza tu kwa mabega, akaanza kunisugua. Karibu anitoe ngozi."

"Akasemaje?"

"Aliniuliza mimi mtoto wa nani."

Malsun akaweka chini kopo lake. "Ukamjibuje?"

Taegyu akamalizia maziwa yake kwanza. Bwana Tak aliinamia taulo zake na kuanza kuzikunja upya.

"Nikamwambia wa Pyo Malsun," akasema. "Akasema, yule wa jengo la mia moja na nne, anayeshuka kwa ngazi asubuhi. Akasema anakujua."